Mwongozo kamili: kuvusha bidhaa yako kwenda Kenya kupitia Holili au Namanga bila mzigo kulala mpakani

Naandika hii kwa sababu nimechoka kupigiwa simu saa mbili usiku. "Dada, niko Holili, mzigo umezuiwa, nifanyeje?" Na ukimsikiliza vizuri unakuta hakuna kilichoharibika Holili, kiliharibika wiki mbili nyuma akiwa Moshi kwake anafunga maboksi, sema mpakani ndo kimeonekana. Watu wanasema Wakenya wanatubania. Wapo wanaobana, sikatai, ila kwa simu nilizopokea mimi wengi tulijibana wenyewe.

Natumia mfano wa siagi ya karanga kwa sababu ndo ninayotengeneza. Wewe wa unga wa lishe, viungo, krisps za ndizi au kahawa ya kukaanga badilisha tu panapohusika. Wenye asali, maziwa, nyama na mayai, nyie mna vibali vya ziada upande wa mifugo na nyuki, msinifuate neno kwa neno.

Na wale mnaotaka kuanza na Dubai au Ujerumani, jamani. Kutoka Moshi hadi Holili haifiki hata kilomita 50, kutoka Arusha hadi Namanga ni kama 110. Ukishindwa hapo na lugha unaijua, huko kwingine utaliwa hela tu.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Usianze hatua ya kwanza kama hivi havipo:

- Jina la biashara au kampuni iliyosajiliwa BRELA, na TIN. Majina yafanane herufi kwa herufi kila mahali. "Mama Neema Foods" na "Mama Neema Food Products" kwa afisa ni watu wawili.
- Leseni ya biashara iliyo hai.
- Leseni ya kutumia alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango) kwa bidhaa hiyo hiyo unayopeleka. Ukiwa na ya unga haikusaidii kwenye siagi. Mjasiriamali mdogo anzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, iko Arusha na Moshi pia, watakuelekeza jengo liweje, na barua yao inasaidia kwenye gharama za TBS.
- Majibu ya maabara ya bachi (mkupuo mmoja wa uzalishaji) unayopeleka.
- Pasipoti. Kitambulisho cha NIDA pekee hakikuvushi. Kama huna ya kawaida ulizia uhamiaji hati ya kusafiria ya dharura. Beba na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, siku usiyobeba ndo utaulizwa.
- Ukienda na gari lako: bima ya COMESA, ile wanaita kadi ya njano (sio ya chanjo, hii ni ya gari). Tanzania tulishatoka COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, siku nyingi lakini bima hiyo tumo.
- Mzani unaouamini.

Mzani naujua kwa machungu. Nitafika.

Hatua ya 1: Chagua mji, usichague "Kenya"

Mtu anasema nataka soko la Kenya. Kenya ipi? Taveta, Voi na Mombasa ni njia moja, unapita Holili na lami ipo. Kajiado, Kitengela na Nairobi ni njia nyingine, unapita Namanga. Ukichagua zote unagawa mtaji na nguvu.

Nenda mwenyewe siku mbili na begi tu, bila mzigo. Ingia maduka kumi, madogo na makubwa, piga picha bei za bidhaa kama yako, angalia uzito wa chupa zao, angalia ipi imejaa vumbi na ipi inaisha. Ongea na muuza duka sio meneja, meneja atakwambia leta propozo, muuza duka atakwambia "hii inatoka, hii haitoki".

Afu sikiliza maneno. Sisi njugu ni njugu mawe, wao njugu ndo karanga. Nilizunguka asubuhi nzima nauliza siagi ya karanga naangaliwa tu, nikasema "peanut butter" nikaoneshwa rafu nzima. Hiyo ilibadilisha lebo yangu.

Umefanikiwa hatua hii ukirudi na namba tatu za simu za watu waliosema "lete boksi tuone", na bei za washindani wako zimeandikwa daftarini.

Hatua ya 2: Piga hesabu kuanzia rafuni, urudi nyuma hadi kwako

Hapa ndo wengi wanakufa kimya kimya. Wanachukua gharama zao, wanaongeza faida, wanaongeza nauli, wanafika Nairobi bei ipo juu kuliko ya kiwanda kikubwa. Geuza. Anza na bei ambayo mteja wa kule analipa sasa hivi.

Nakuwekea mfano, namba ni za kufundishia, weka zako. Chupa ya gramu 400 iuzwe rafuni Ksh 400. Toa VAT ya Kenya, asilimia 16, unabaki na kama 345. Duka likila asilimia 20 inabaki 276. Msambazaji akila 15 inabaki kama 234. Nauli, kupakia, kushusha na wakala tuseme 25 kwa chupa, umebaki na 209. Kama Ksh 1 ni Tsh 20, chupa yako inapaswa kutoka mlangoni kwako Tsh 4,180. Sasa jumlisha karanga, chupa, mfuniko, lebo, gesi, umeme, mshahara, na zile chupa mbili tatu zinazopasuka. Ikija 3,500 una 680 ya kwako. Ikija 4,300 huna biashara, una safari.

Kuhusu hiyo VAT. Watu wakisikia Afrika Mashariki hakuna ushuru wanadhani hakuna kodi yoyote. Kinachokuwa sifuri ni ushuru wa forodha, tena kama umethibitisha bidhaa imetoka ndani ya jumuiya. VAT ni kodi ya ndani ya Kenya, kama bidhaa yako inatozwa VAT madukani kwao basi na wewe utaikuta mpakani. Muulize wakala wa upande wa Kenya kuhusu bidhaa YAKO kabla hujapanga bei. Kuna vyakula vinatozwa na kuna visivyotozwa, na mambo hubadilika kwenye bajeti yao ya kila Juni.

Hatua ya 3: Sumukuvu, imalize nyumbani

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu (aflatoxin, sumu inayotokana na ukungu). Baada ya siku chache wakafungua kwa masharti, mzigo uje na cheti kuonesha sumukuvu ipo chini ya 10 kwa bilioni. Tangu hapo mahindi na karanga vinaangaliwa kwa jicho kali, na hicho kiwango cha 10 ndo cha Afrika Mashariki nzima, sio cha kwao peke yao, kwaiyo hata sisi tunatakiwa tukifuate hapa hapa.

Cha kufanya:

Nunua karanga zilizokauka. Unyevu uwe asilimia 7 kushuka chini. Kipimo cha unyevu kipo, azima kwa wanunuzi wa nafaka kama huna. Mfanyabiashara wa karanga za Dodoma akikwambia "zimekauka hizi mama, sikia zinavyolia" mwambie asante halafu pima.

Chambua kwa mkono. Toa zilizosinyaa, zenye ukungu, zilizobadilika rangi, zilizopasuka. Sumu yenyewe huioni kwa macho ila mara nyingi inakaa kwenye hizo mbovu. Zilizotolewa usiwape kuku, usimpe mtu.

Kukaanga HAKUTOI sumukuvu yote. Narudia kwa sababu kuna mama alinibishia kwenye mafunzo mpaka tukakosana. Moto unapunguza, haumalizi. Ukikaanga karanga mbovu unapata siagi mbovu inayonukia vizuri.

Halafu sampo. Usichote kibaba juu ya gunia moja ukapeleka maabara, sumu haikai sawasawa, gunia hili safi, la pembeni limeoza. Chota juu, katikati na chini, kwenye magunia mengi, changanya, ndo utoe sampo. Maabara ni za TBS, au ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali kanda ya kaskazini, Arusha. Waambie mapema unataka majibu yaandikwe na namba ya bachi yako. Majibu yasiyo na namba ya bachi ni karatasi ya kufungia maandazi.

Umefanikiwa: una karatasi yenye jina lako, bidhaa yako, bachi yako, na kiwango chini ya 10.

Hatua ya 4: Lebo

Kiwango cha Afrika Mashariki cha lebo za vyakula vilivyofungashwa kinaitwa EAS 38. Kwa kifupi lebo iwe na jina la bidhaa, viambato kuanzia kilicho kingi, uzito halisi, jina na anuani yako, nchi ilikotengenezwa, namba ya bachi, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, jinsi ya kuhifadhi, na tahadhari ya aleji maana karanga ni moja ya vile vinavyoua mtu. Andika Kiswahili na Kiingereza vyote. Mimi naandika "siagi ya karanga" na chini yake peanut butter kwa herufi kubwa, mnajua kwanini.

Tarehe zipigwe muhuri au zichapwe, zisiandikwe kwa peni. Peni inafutika kwa jasho la mpakiaji.

Ukitaka kuingia supamaketi chukua bakodi ya GS1 Tanzania, zinaanza na 620. Duka la mtaani halikuombi bakodi kwaiyo kama unaanza na Taveta unaweza kusubiri.

Sasa mzani. Mzigo wangu wa kwanza wa maana ulikuwa maboksi 40. Invoisi nimeandika gramu 400, lebo imeandikwa 400, afisa kaweka chupa mezani ikasoma pungufu, akaweka ya pili, ya tatu, zote pungufu. Mzani wangu wa jikoni ulikuwa unadanganya na mimi sijawahi kuujaribu. Nililala siku mbili pale, maboksi yakarudi Moshi, na dereva wa Fuso alitaka nauli ya kurudi pia, haki yake. Tangu hapo mzani unapelekwa kukaguliwa Wakala wa Vipimo na kila boksi natoa chupa moja napima kabla ya kufunga.

Hatua ya 5: Jua nani anaingiza mzigo Kenya

Swali moja tu: kwenye makaratasi ya Kenya, jina la mwagizaji ni la nani? Wewe huna PIN ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Kwa mzigo mkubwa lazima awepo mtu wa kule mwenye PIN, na huyo ndo anafuatilia vibali vya kuingiza. Kwa mazao yasiyosindikwa, karanga zenyewe kwa mfano, mnunuzi anatakiwa aombe kibali cha KEPHIS (wakaguzi wa mimea wa Kenya) KABLA mzigo haujaondoka, halafu kwa kufuata masharti ya kibali hicho wewe unaomba cheti cha afya ya mimea kwa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea ya kwetu. Bahati nzuri makao makuu ya TPHPA yapo hapa hapa Arusha, Ngaramtoni. Ukianza na cha TPHPA wakati cha KEPHIS hakijatoka umeweka mkokoteni mbele ya punda.

Kwa bidhaa iliyosindikwa mpigie wakala wa kule umuulize kama inahitaji kibali. Umtumie picha ya lebo kwa wasap, usimwelezee kwa mdomo.

Alama ya TBS inatambulika Kenya kwa sheria ya viwango ya jumuiya ya 2006, kwaiyo huhitaji kupimwa upya kila kitu na KEBS, shirika la viwango la Kenya. Lakini beba nakala ya leseni yenyewe, stika kwenye chupa haitoshi, stika mtu yeyote anachapisha mjini.

Hatua ya 6: Cheti cha uasili

Ni karatasi inayothibitisha bidhaa imetoka ndani ya jumuiya. Hiki ndo kinafanya ushuru wa forodha uwe sifuri. Bila hiki siagi yako ya Moshi inahesabiwa kama imetoka China.

Zipo namna mbili. Mzigo usiozidi dola 2,000 na bidhaa ipo kwenye orodha iliyokubaliwa, unapata cheti cha uasili kilichorahisishwa pale pale mpakani kwa watu wa forodha. Unakijaza, kinagongwa muhuri, basi. Kama dola ni Tsh 2,500 hiyo ni milioni 5, kwa mfano wetu wa juu ni kama chupa 1,190. Kwa mtu anayeanza hiyo ni nyingi mno, kwaiyo usikimbilie makubwa, mizigo yako mitano ya kwanza iwe ya aina hii.

Ukizidisha hapo unahitaji cheti kamili na wakala wa forodha mwenye leseni. Anza kukifuatilia kabla gari halijapakiwa.

Tahadhari mbili. Moja, usigawe mzigo wa dola 6,000 kwa wadogo zako watatu kila mmoja na karatasi yake kwenye gari moja. Wanaijua hiyo, sio watoto. Pili, kama malighafi yako kubwa imetoka nje ya jumuiya, mfano karanga za Malawi, cheti hakiji kirahisi, kuna hesabu ya kiasi gani umeongeza thamani hapa. Muulize afisa kabla ya kununua magunia.

Hatua ya 7: Siku ya kuvuka

Fika asubuhi. Ukifika saa kumi jioni na karatasi moja ina kasoro, ofisi ya kuirekebisha imeshafungwa na umelala.

Holili na Namanga zote ni vituo vya huduma kwa pamoja, yani maafisa wa nchi mbili wanakaa jengo moja. Ukitoka Tanzania kwenda Kenya unapita upande wetu bila kusimama, unasimama upande wa Kenya mara moja tu, unamalizana na wote humo humo. Wasiojua wanasimama upande wetu wanazunguka kutafuta dirisha, hapo ndo vishoka (mawakala feki) wanawadaka.

Kishoka utamjua, hana kitambulisho shingoni, ana haraka kuliko wewe na anajua afisa fulani "ni ndugu yake". Usimpe karatasi zako halisi hata kama jua linawaka. Usifuate njia ya panya hata kwa boksi tano. Mzigo ukikamatwa porini unataifishwa, na duka la maana kule litakuomba karatasi za kuingizia mzigo ambazo hutakuwa nazo.

Panga faili kwa mpangilio huu: invoisi, orodha ya mzigo boksi kwa boksi, cheti cha uasili, majibu ya maabara, leseni ya TBS, vibali, nakala za BRELA na TIN. Nakala tatu za kila kimoja. Fotokopi ya mpakani ina bei yake.

Ukizuiwa, uliza kwa upole: "Afande, nimekosa karatasi gani, na sheria ipi inaihitaji?" Mwombe aandike. Akiwa na hoja ataandika, asipokuwa nayo mara nyingi mzigo unaachiwa. Kama unadhani ni kikwazo tu, piga picha ya makaratasi yako, na upo mfumo wa kuripoti vikwazo visivyo vya kiforodha kwenye mtandao, tradebarriers.org, wa pamoja wa COMESA, EAC na SADC. Haitakusaidia saa hiyo hiyo ila inafunguliwa faili lenye namba na nchi husika inatakiwa kujibu.

Umefanikiwa: una karatasi za forodha zenye mihuri ya kuingia Kenya. Zitunze kuliko hela, zitahitajika kwenye mzigo wa pili.

Hatua ya 8: Hela zako zirudi

Mali kauli, yani kutoa mzigo kwa ahadi ya kulipwa baadaye, ndo ugonjwa wetu. Nairobi kuna jamaa alichukua maboksi 30, mzuri, ana duka zuri, ananiita "mathee", tukakubaliana mwezi mmoja. Mwezi wa pili simu inaita haipokelewi, wa tatu duka lina rangi nyingine. Kumshtaki mtu wa Nairobi ukiwa Moshi ni gharama kuliko maboksi 30, nikaacha. Na hata wakubwa wanaanguka, Nakumatt, ile supamaketi kubwa ya Kenya, ilipokufa iliacha wasambazaji kibao wanadai, kwaiyo ukubwa wa duka sio dhamana.

Utaratibu wangu sasa hivi: mzigo wa kwanza nusu kabla haujapakiwa, nusu ukishuka. Wa pili hivyo hivyo. Kuanzia wa tatu naweza kumkopesha, ila kisichozidi faida niliyokwishapata kwake. Akigoma namuuzia boksi mbili tu za kujaribu.

M-Pesa ya Kenya inatuma mpaka Vodacom huku, inafaa kwa oda ndogo. Zikikua fungua akaunti kwenye benki yenye matawi nchi zote mbili, KCB au Equity, ulinganishe makato na rate yao kabla. Kwenye invoisi andika bei kwa shilingi ya Kenya, na andika rate ya siku ile pembeni kwenye daftari lako, maana kuna miezi faida yote inaliwa na kubadilisha hela na hujui imeenda wapi.

Hatua ya 9: Ukifika mzigo wa tatu

Usikimbilie kufungua kampuni Kenya. Mtu anauza maboksi 50 kwa mwezi anataka ofisi Westlands. Azam ana vinu vya unga Uganda, Malawi na Rwanda, ndio, lakini unga ni mzito na wa bei ndogo, kuusafirisha kila siku kunakula faida, ndo maana kinu kinafuata mlaji. Siagi yako ya Ksh 400 inasafiri vizuri tu kwenye Fuso.

Cha kufanya mapema ni jina. Nembo uliyosajili BRELA inalinda Tanzania bara, haivuki Namanga. Kenya inasajiliwa KIPI, ofisi yao ya nembo na hataza, kupitia wakala wa kule. Mimi nilisubiri "biashara ikue kwanza" na siku moja Voi nikakuta chupa yenye mfuniko wa rangi yangu, mchoro wa karanga kama wangu na jina lililobadilishwa herufi moja. Wakala aliniambia ningekuja miezi minne kabla tungekuwa na cha kuongea. Ada ya kuomba ilikuwa ndogo kuliko nauli ya ule mzigo uliorudi kutoka Holili.